Ushauri Upi wa Kuotesha Mbegu Uufuate na Upi Uuache: Somo Kutoka Trei 35 za Gerezani

Wiki hii tunaongea habari za mbegu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna kijana wa Gerezani ambaye hana shamba hata robo eka. Kazi yake ni kuotesha miche kwenye trei uani kwa bibi yake, halafu anawauzia wakulima wa Mkuranga na Kigamboni. Kwa mtu wa katikati ya jiji ni biashara inayoeleweka. Miche haihitaji eneo kubwa, maduka ya pembejeo yamejaa mitaa inayozunguka Soko la Kariakoo, na kwake ni mwendo wa miguu. Msimu uliopita akapata oda kubwa kuliko zote: miche 6,000 ya pilipili hoho. Mteja akalipa nusu. Kijana akasia trei 35 za matundu 200, akaweka na za ziada ili asipungukiwe. Wiki ya tatu akanipigia simu, sauti imebadilika.

Nikashuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani nikakata mtaa kwa mtaa hadi kwao, huku mafundi wanagonga bati kila upande. Uani trei zimepangwa vizuri chini ya kibanda cha bati. Trei 20 zina mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Trei 15 zingine zilikuwa zimeota vizuri, lakini miche inaanguka. Nikachomoa mmoja: shingo ya mche, pale unapogusa udongo, imekuwa nyembamba kama uzi na nyeusi. Hicho ni kinyausi. Nikaminya udongo wa tundu moja, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Unamwagilia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni, bwana shamba. Kama ulivyoandika kwenye ile karatasi yako."

Akaitoa ndani, imekunjwa mara nne. Kweli, ni yangu. Niliichapa kwa ajili ya wakulima wa Mkuranga wenye vitalu vya ardhini, udongo wa kichanga, jua la Januari. Pale, asubuhi na jioni ni sahihi kabisa. Kwenye trei, chini ya kivuli, uani Gerezani ambako upepo haupiti, ni kuwazamisha watoto. Karatasi yangu haikusema ni ya wapi wala ya kitalu cha aina gani.

Tukakaa tukaanza kupitia kila kitu alichokuwa amefanya na ni nani alimwambia. Mengine aliyatoa kwenye makundi ya WhatsApp, mengine kwa muuzaji wa duka, mengine kwa bibi, na lile moja kwangu. Nimeyapanga hapa yale ninayoyasikia kila siku, na mengi utakuta na wewe umeshaambiwa.

1. "Mwagilia asubuhi na jioni"

Ushauri huu ni wa nusu. Mbegu inahitaji unyevu, lakini inahitaji na hewa. Udongo ukijaa maji hewa inatoka, mbegu inaoza au mche unashikwa na vimelea vya kinyausi, ambavyo vinapenda sana udongo uliolowa, miche iliyobanana na sehemu isiyo na upepo.

Acha kuangalia saa, angalia trei. Njia rahisi ni uzito. Nyanyua trei iliyomwagiliwa vizuri na maji yamemaliza kuchuja, mkono wako ukumbuke uzito huo. Halafu kila ukipita inyanyue. Ikiwa nyepesi waziwazi, mwagilia. Ikiwa bado nzito, iache hata kama ni jioni. Kwa kitalu cha ardhini chomeka kidole hadi kwenye kiungo cha kwanza: kikitoka na udongo ulioganda, subiri.

Na kama ni mara moja kwa siku, fanya asubuhi. Jioni ukimwagilia miche inalala imelowa usiku kucha, na hapo ndipo kinyausi kinapofanya kazi. Kuhusu ile hofu kwamba matone ya maji mchana yanaunguza majani kama miwani ya kukuza, watafiti wa Hungaria waliipima na kuchapisha matokeo mwaka 2010: kwenye majani laini yasiyo na vinyweleo, matone hayaunguzi. Mche ukinyauka saa nane mchana kwa kiu, mpe maji.

2. "Loweka mbegu usiku kucha, zitaota haraka"

Inategemea mbegu gani. Bamia ina ganda gumu, ukiiloweka saa kumi na mbili inasaidia kweli. Maharage na kunde usiloweke usiku kucha. Mbegu hizo zinavuta maji kwa kasi, zinapasuka ndani na zinakosa hewa. Mchicha ni mdogo kiasi kwamba kuuloweka ni kujitafutia kazi, utashindwa hata kuusia, unaganda kwenye vidole.

Kosa kubwa zaidi ni kuloweka mbegu iliyopakwa dawa. Ukiona mbegu ya nyanya au hoho ina rangi nyekundu, ya waridi, bluu au kijani, hiyo si rangi yake. Ni alama kwamba imewekewa dawa, na dawa hiyo mara nyingi ni ya kuzuia hichohicho kinyausi. Kijana wetu aliloweka mbegu zote usiku kucha. Asubuhi maji yakawa ya waridi, akayamwaga. Kwa maneno mengine alilipia kinga dukani, akaimwaga kwenye mfereji.

Maji ya moto ni habari nyingine. Kuua vimelea vilivyojificha kwenye mbegu isiyo na dawa kwa maji ya moto ni njia halali: nyanya na kabichi ni nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 25. Lakini ni nyuzi 50 kwa kipimajoto, si "maji ya moto kiasi" kwa kidole. Ukizidisha nyuzi chache umechemsha mbegu, ukipunguza hujaua kitu. Kama huna kipimajoto, acha.

3. "Funga pakiti, msimu ujao utaitumia"

Hapa ndipo Dar inapotuadhibu kuliko mahali pengi. Zile trei 20 zenye mapengo zilisiwa mbegu iliyobaki mwaka uliopita, baada ya oda moja kufa. Aliihifadhi juu ya kabati, chumba cha bati, kopo lilishafunguliwa.

Mbegu ni kiumbe hai kilicholala. Vitu viwili vinaimaliza: joto na unyevu wa hewa. Mtaalamu wa mbegu Harrington alituachia kanuni mbili za kukadiria: kila ukipunguza unyevu ndani ya mbegu kwa asilimia moja, maisha yake yanaongezeka karibu mara mbili, na kila ukipunguza joto la hifadhi kwa nyuzi tano hivi za Selsiasi, vilevile karibu mara mbili. Kipimo chake kingine cha haraka kinasema: chukua joto kwa Farenhaiti, jumlisha na asilimia ya unyevu wa hewa, jibu lisizidi 100. Sasa piga hesabu ya chumba cha Gerezani. Nyuzi 30 za Selsiasi ni 86 za Farenhaiti. Weka unyevu wa hewa wa asilimia 75. Jumla 161. Na hapo sijataja joto la chini ya bati mchana wa Februari.

Mbegu hazifanani pia. Kitunguu ni dhaifu kuliko zote, ndani ya mwaka mmoja kwenye joto la Pwani inaweza kuwa imekwisha. Nyanya na matango yanavumilia zaidi. Hoho iko katikati.

Ukibakiwa na mbegu ya bei, fanya hivi. Kaanga mchele mkavu hadi ubadilike rangi, uache upoe kwenye chupa iliyofungwa. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko kisichopitisha hewa, weka mchele huo chini, mbegu juu kwenye karatasi, funga. Mchele mkavu unavuta unyevu kutoka kwenye mbegu. Kisha weka kwenye friji, si kwenye frida. Siku ya kutoa, acha chupa ipate joto la chumba ndipo ufungue, la sivyo umande utaingia na kazi yote imeharibika. Usisahau kuandika tarehe.

Na ukiwa dukani, angalia mbegu inakaa wapi. Pakiti iliyoning'inizwa mlangoni inapigwa jua kutwa imeshaanza kuzeeka hata kama tarehe yake ni nzuri. Omba ya ndani.

4. "Chukua nyanya nzuri sokoni, kamua mbegu zake"

Huu ushauri una mvuto. Unaona nyanya imara, nyekundu, imesafiri kutoka Iringa hadi Kariakoo bila kupasuka, unajiuliza kwa nini nilipie mbegu?

Nyanya nyingi za namna hiyo zimetokana na mbegu chotara, zile zinazoandikwa F1. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa, na watoto wote wa tumbo hilo wanafanana. Ukipanda mbegu za huyo mtoto unapata wajukuu, na wajukuu kila mmoja anamfuata babu wake. Mche mmoja mrefu mwingine mfupi, tunda moja gumu lingine laini, huu unavumilia ugonjwa ule unakufa. Kwa kula nyumbani haina shida. Kwa mtu anayetaka matenga yanayofanana ili dalali asimpangie bei, ni hasara. Halafu kuna magonjwa yanayosafiri na mbegu, mfano virusi vya batobato ya tumbaku. Huwezi kuvijua kwa kuangalia tunda.

Lakini usichukue huu kama wimbo wa "usihifadhi mbegu kabisa". Aina za kawaida, zisizo chotara, kama Tanya na Tengeru 97 zilizotokana na kazi ya utafiti kule Tengeru, unaweza kuzihifadhi. Ua la nyanya kwa kawaida linajichavusha lenyewe, kwa hiyo mtoto anafanana na mzazi. Chagua mimea bora, si tunda bora tu, kamua mbegu na maji yake, acha zichachuke siku moja au mbili kwa joto letu ili ule utelezi utoke, osha, anika kivulini.

Hoho ni tofauti. Nyuki akitoka kwenye pilipili kali ya jirani akaingia kwenye hoho yako, mbegu utakazohifadhi zinaweza kukupa hoho zinazowasha, na mteja wa hoteli hatakurudia. Mchicha nao unachanganyika na mchicha pori, utaanza kuona vijimbegu vyeusi na majani yanayopungua upana mwaka hadi mwaka. Kabichi usihangaike nayo Dar. Inahitaji kipindi kirefu cha baridi ndipo itoe maua.

5. "Choma moto kitalu kabla ya kusia"

Wazee walichoma pumba na mabua juu ya kitalu, na walikuwa na sababu: kinyausi, minyoo fundo na magugu. Moto unasaidia sentimita chache za juu tu, tena kwa kutegemea umewaka muda gani. Chini yake mambo yako vilevile, na mboji ya juu umeiunguza. Uani kwa watu Gerezani hata usijaribu, nyumba zimebanana.

Jua la Pwani linafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa mwenye kitalu cha ardhini. Lainisha udongo, umwagilie uwe na unyevu, ufunike kwa nailoni inayoona upande wa pili, zika kingo zake, uache wiki nne hadi sita za jua kali. Lazima iwe nailoni nyeupe ya kuona, kwa sababu jua lipite likapashe udongo wenyewe. Nyeusi inapata joto yenyewe juu. Usifanye wakati wa masika ukategemea muujiza.

Kwa trei, moto wala nailoni haihusiki. Sugua uchafu wote kwanza, kisha zamisha trei kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, nusu saa, suuza. Trei iliyotumika ikatumika tena bila kuoshwa ndiyo inayohamisha kinyausi kutoka msimu hadi msimu.

6. "Tumia kokopiti, haina magonjwa"

Nakubali, kwa sharti moja: chumvi. Kokopiti inatokana na makumbi ya nazi, na sisi watu wa Pwani tunajua makumbi yanavyofukiwa ufukweni yaloane na maji ya bahari ili yatoe nyuzi za kamba. Vumbi la makumbi kama hayo ukilipeleka moja kwa moja kwenye trei, mbegu zinaota kwa shida, majani yanaungua ncha. Tena wengi katikati ya jiji wanamwagilia kwa maji ya kisima, na visima vingi huku vina maji ya chumvi. Hapo umeweka chumvi juu ya chumvi. Karoti, maharage na kitunguu havivumilii kabisa.

Loweka kokopiti kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kamua, mwaga, rudia mara mbili tatu. Ukiwa na mashaka, sia mbegu 20 za aina moja kwenye kokopiti yako na 20 kwenye mchanga wa mto ulioosha vizuri, mwagilia maji yaleyale ya bomba. Zikiota sawa, endelea. Zikitofautiana sana, umepata jibu kwa mbegu 40 badala ya 7,000. Kupima kisima, geuza: kokopiti ileile, maji mawili tofauti. Kumbuka pia kokopiti haina chakula. Jani la kweli la kwanza likitoka, anza kulisha kwa mbolea ya maji iliyo nyepesi.

7. "Weka mbegu mbili kila tundu"

Hii inamalizwa na hesabu. Mbegu yako ikiwa na uotaji wa asilimia 90, ukiweka moja moja, matundu 90 kwa kila 100 yatakuwa na mche. Ukiweka mbili mbili, matundu 99 yatakuwa na mche, lakini 81 kati ya hayo yatakuwa na miche miwili, na mmoja utaung'oa. Umenunua mbegu mara mbili ili upate miche tisa zaidi. Kwa mchicha haina neno. Kwa hoho chotara ni kutupa hela.

Uotaji ukiwa asilimia 50 picha inageuka: moja moja unapata matundu 50, mbili mbili unapata 75. Hapo mbili zina maana, ingawa swali la kwanza liwe kwa nini umenunua mbegu ya asilimia 50. Kwa mbegu nzuri, sia moja moja, ongeza trei moja kwa kila kumi ya kujazia mapengo.

8. "Saladi haioti Dar"

Inaota. Kinachotokea ni kwamba mbegu ya saladi ikipata maji udongo ukiwa na joto linalokaribia nyuzi 30, inajifungia na kulala. Haijafa. Pia aina nyingi zinahitaji mwanga, ukiifukia sana haitoki. Kwa hiyo sia jioni jua likishazama ili ivute maji usiku, usiifukie, ipapase tu na vumbi jembamba la mboji, weka neti ya kivuli mchana. Wengine wanaziweka mbegu zilizoloanishwa kwenye friji siku moja kabla ya kusia, nayo inasaidia. Nimeona watu wakirudisha pakiti dukani kwa ugomvi, kumbe walisia saa sita mchana.

Kina cha kusia, kwa mbegu zingine zote, ni mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Suala la mwezi mchanga au mwezi mpevu silibishi kwa wanaolipenda, ila usichelewe kusia ukikosa soko la mwezi wa Ramadhani kwa sababu ya kusubiri mwezi mwingine.

Jaribio ambalo lingeokoa oda

Siku ileile tukafanya kitu ambacho kilitakiwa kufanyika mwezi mmoja kabla. Tukachukua mbegu 100 kutoka kwenye kopo la zamani na 100 kutoka kwenye jipya.

Utaratibu ni huu. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua nzuri. Zigawe mafungu manne ya 25. Kila fungu liweke kwenye kitambaa safi cha pamba au karatasi ya kufutia mikono iliyoloanishwa na kukamuliwa, isidondoshe maji. Kunja, weka kwenye mfuko wa nailoni usiofungwa kabisa, sehemu yenye kivuli. Fungua kila siku, ziloanishe kidogo zikikauka, toa zilizoota uzihesabu. Malizia siku ya 14 kwa nyanya na hoho, ya 12 kwa kitunguu, ya 10 kwa kabichi, ya 7 kwa saladi. Hesabu zile zenye mzizi na kikonyo kizima tu, zilizopinda au kuoza usihesabu. Mafungu manne yakitofautiana sana, mfano moja limetoa 23 na lingine 12, rudia. Maabara za mbegu hutumia mbegu 400, kwetu 100 zinatosha kufanya uamuzi. Pakiti ikiwa na mbegu chache za bei mbaya, tumia 25, na zilizoota zihamishie kwenye trei kwa uangalifu. Hupotezi kitu.

Kopo la zamani lilitoa 38. Jipya likatoa 91.

Kwa hiyo mbegu mpya haikuwa na kosa, tuliiua wenyewe kwa maji. Na ile ya zamani ilishakufa kabatini kabla hata ya kuonja udongo.

Hesabu hiyo inakusaidia hata dukani. Chukua mfano: pakiti ya sh. 10,000 ina mbegu 1,000 zinazoota asilimia 40. Unapata miche 400, sawa na sh. 25 kwa mche. Pakiti ya sh. 20,000 ina mbegu 1,000 zinazoota asilimia 90. Unapata miche 900, kama sh. 22 kwa mche, na trei, kokopiti na kazi yako havijapotea kwenye matundu matupu. Pakiti ya bei ndogo ndiyo ya bei kubwa.

Kabla ya kulipa, soma kifungashio: aina, tarehe, uotaji. Mbegu iliyothibitishwa inakuja imefungwa na ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibiti mbegu yenye makao Morogoro, iliyowekwa na Sheria ya Mbegu ya 2003. Palipo na sehemu ya kukwangua, kwangua, tuma namba kama maelekezo yalivyoandikwa hapo, ujue kama ni halali kabla hujatoka dukani. Mbegu inayopimwa kwa kijiko kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa hata ikiwa nzuri huna pa kudai. Dai risiti, na baki na pakiti tupu hadi uvune.

Ilivyoisha

Nilimwambia kijana ampigie mteja siku ileile, asisubiri siku ya kukabidhi. Alisita. Bibi yake, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akasema bila kuinua macho, "Mpigie mwanangu, asije akalima mashimo akakosa cha kupanda." Akapiga. Mteja alifoka, baadaye akakubali kuchukua miche 3,000 kwa bei pungufu wiki sita mbele, na iliyobaki akatafuta kwingine. Nusu ya oda ilikwenda hivyo, na kibanda cha bati kimebadilishwa kikawekwa neti. Trei za sasa zimesiwa mbegu moja moja, bila kulowekwa, na kila asubuhi anazinyanyua moja moja kabla hajashika kopo la kumwagilia.

Mimi nimeandika upya karatasi yangu. Mstari wa kwanza sasa unasema: "Maelekezo haya ni ya kitalu cha ardhini, udongo wa kichanga, juani, ukanda wa Pwani. Kama kitalu chako si hicho, nipigie kabla ya kufuata." Kama unayo ile ya zamani, iliyoandikwa "mwagilia asubuhi na jioni" na kuishia hapo, ichane. Na yeyote atakayekupa ushauri wa mbegu, nikiwemo mimi, muulize aliujaribu wapi, kwa mbegu gani, na zilitoka ngapi kati ya mia.

Kazi njema, na msisahau kuandika tarehe kwenye chupa zenu.